Mbuzi Aliyefufuka Saa Saba Mchana

Hudson Mwasaru hakuwa mwizi. Alilisema hilo mwenyewe, na kwa kuwa hakuna mtu mwingine Voi aliyewahi kulisema, tulipokee kutoka kwake. Mwizi huchukua kitu mwenyewe akiwa amelala. Hudson alichukua vitu wenyewe wakiwa macho, wakitabasamu, na mara nyingine wakimsaidia kubeba.

Alikuwa na kasoro moja tu: hakuwa na mlango. Shughuli zake zote alizifanyia kwenye meza ya pembeni katika hoteli ya Bi Mwanabibi, karibu na stesheni ya reli, na Elsie alikuwa amechoka na meza hiyo. Elsie alikuwa fundi wa cherehani, mwanamke wa maneno machache yaliyopigwa pasi.

"Mimi siolewi na mtu ambaye mlango wake ni wa watu," alimwambia. "Siku utakayonionyesha mlango wenye kufuli lako, naleta cherehani yangu tuanze maisha."

Hudson alikwenda siku hiyo hiyo dukani kwa Zubair akanunua kufuli. Lilikuwa kufuli la shaba, zito, la kufungia ghala. Alilibeba katika mfuko wa koti lake mwaka mzima, hata koti likaanza kulegea upande mmoja kama mtu mwenye bega bovu. Mlango peke yake ndio uliokosekana.

Sasa, siku ya Jumatatu moja mnamo Septemba elfu moja mia tisa tisini na tisa, alikuwa ameketi pale mezani akikoroga chai iliyokwisha kukorogeka, alipoingia Kitheka, mchunga mbuzi kutoka Kasigau. Kitheka aliketi na kutupa funguo zake mezani. Kwenye funguo hizo kilining'inia kipande cha plastiki ya njano chenye namba 214.

"Hiyo ni nini, Kitheka?" Hudson akauliza.

"Hereni ya mbuzi. Ya Malkia. Si unajua alikanyagwa na ndovu mwezi wa nne? Walivunja ua, wakala mahindi, wakapita juu yake. Tulibaki na hii na kwato moja."

"Malkia yule wa Chama?"

"Yeye mwenyewe. Baba yake Baroni, aliyeletwa na ndege kutoka Ujerumani."

Bi Mwanabibi aliyekuwa akipanga mahamri kwenye sinia alisimama. "Subhanallah. Mimi miaka sitini sijaukaribia uwanja wa ndege, na mbuzi kashapanda!"

Inafaa kueleza hapa kwamba mwaka ule Taita Taveta nzima ilikuwa imeshikwa na homa ya mbuzi wa maziwa. Si mbuzi yeyote, bali mbuzi mwenye karatasi. Chama cha Mbuzi Bora, kilichokuwa na ofisi ya vyumba viwili mjini Voi, kilimpa kila mbuzi wake hereni ya sikio na cheti kilichotaja mama yake, baba yake, bibi yake na babu yake. Kulikuwa na wanachama walioweza kukutajia babu za mbuzi wao hadi kizazi cha nne lakini wangebabaika ukiwauliza jina la babu yao wenyewe. Mbuzi mwenye cheti alibadilishwa kwa ng'ombe wawili. Mbuzi asiye na cheti, hata akitoa maziwa ya kujaza sufuria, aliliwa Krismasi.

Hudson aliitazama ile hereni ya njano. Tofauti ya mbuzi na mbuzi, akawaza, ni karatasi. Na karatasi hutoka wapi?

"Kitheka ndugu yangu," akasema polepole, "funguo zako zinastahili kitu cha heshima kuliko sikio la marehemu." Akavua mkufu mdogo wa chuma kutoka kwenye saa yake mbovu, akamfungia funguo zake vizuri. Kitheka alishukuru sana. Hereni ikaingia mfukoni, ikaketi karibu na kufuli.

Karatasi zilitoka kwenye kompyuta ya Chama. Zamani mbuzi waliandikwa kwenye daftari kubwa, na makosa yalifunikwa kwa ule wino mweupe wa kufutia. Wino huo ulitumika hadi kurasa zikawa nzito kama chapati. Mbuzi mmoja wa kule Mata alibadilishwa mwenye mara tatu kwa wino mweupe, na familia mbili zikavunjana meno. Ndipo Tryphena, aliyekuwa mweka kumbukumbu wa Chama, alipochukua vitabu vya kompyuta, akajisomea peke yake miezi minane, na kutengeneza daftari jipya lililofunguka kwa kurasa kama zile za intaneti. Kompyuta moja ilikaa chumba cha ndani ikitunza, na nyingine ikakaa mapokezi kwa karani. Jumatano na Ijumaa simu iliunganishwa, na mnunuzi aliyekuwa Mombasa akaweza kumtazama mbuzi wa Wundanyi bila kuvaa viatu.

Karani wa mapokezi aliitwa Morris. Alikuwa kijana mpole mwenye paswadi ya jina lake mwenyewe, na kila siku saa saba kamili alikwenda kula. Hakuwa na desturi ya kuifunga kompyuta. Hudson alimchunguza siku mbili, siku ya tatu akamwambia, "Morris, mtu wa ofisi kula maandazi makavu ni aibu kwa mji. Nimesema na Bi Mwanabibi. Kuanzia leo, wiki nzima, mchana ni pilau, kwa jina langu."

"Bwana Hudson, nimekufanyia nini?"

"Hujanifanyia kitu. Ndiyo raha ya wema."

Mbuzi mwenyewe alipatikana bila taabu. Hudson alipanda lori hadi upande wa Salaita, akabadilishana redio yake ya kaseti na mbuzi jike mweusi, mwenye macho ya njano na dharau nyingi. Walipomtoboa sikio kumvika hereni ya Malkia, mbuzi huyo aling'ata ukosi wa shati la Hudson, akautafuna na kuumeza. Hudson hakulitilia maanani. Mtu makini angelitilia.

Alhamisi saa saba na dakika tano Morris akaenda kwenye pilau. Saa saba na dakika kumi Hudson akaketi kwenye kiti chake, akapasha moto kidole kimoja, akaandika 214.

Ukurasa ulifunguka. *Malkia. Jike. Mweupe, madoadoa ya kahawia. Baba: Baroni. Mwenye: Kikundi cha Akina Mama, Kasigau. Hali: amekufa, ndovu.*

Waganga wengi wamejaribu kumfufua kiumbe kwa mizizi, kwa maji na kwa kelele. Hudson alitumia kidole. Alifuta *amekufa*, akaandika *yu hai*, akabonyeza Hifadhi.

Kompyuta ikauliza: *Sababu ya mabadiliko?*

Hudson alifurahi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuulizwa maswali na mashine, na mtu akishazoea kujieleza hawezi kuona nafasi ya maelezo ikakaa wazi. Akaandika: *Alidhaniwa amekufa, kumbe alizimia tu.*

Ikapokea. Akabadilisha rangi kuwa mweusi. *Sababu ya mabadiliko?* Hapo Hudson aliegemea nyuma, akafikiri, akaandika: *Mbuzi wa heshima zake hawezi kuwa na madoadoa. Lilikuwa vumbi la Kasigau. Ameoshwa.* Kabla hajabonyeza tena Hifadhi, akabadilisha na mwenye kuwa Hudson Mwasaru, akaongeza kwenye sababu ile ile: *Kikundi kimempa kama shukrani kwa kumuuguza.* Aliisoma sababu hiyo ya mwisho mara mbili. Alikuwa ameguswa na wema wake.

Akatoa cheti kwenye printa, na Morris aliporudi akipiga mbweu alimkuta Hudson amesimama dirishani, akihesabu mabehewa ya treni.

Aliyelengwa alikuwa Mzee Danson, nyapara mstaafu wa shamba la mkonge. Danson alipenda mambo mawili duniani: kushinda, na kushinda kwa bei ya chini. Maonyesho ya mifugo yalikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, naye alikuwa ameapa kuwa kikombe cha mbuzi jike hakitapita mlangoni kwake. Tena alikuwa na kibanda kando ya barabara kuu, cha mabati, chenye dirisha la kuuzia na mlango wa mbao. Kilikuwa kimepakwa rangi mpya ya kijani iliyong'aa hadi macho yakauma. Hudson alikuwa amekipita mara tatu siku ile, na kila mara kufuli lilimgonga pajani.

"Mzee wangu," Hudson alisema Ijumaa asubuhi, mbuzi akiwa nyuma yake kwenye kamba, "sikuja kuuza. Mbuzi wa heshima zake hauzwi. Nimepita tu umwone."

Danson alisoma cheti mara mbili. Alipofika kwenye jina la Baroni midomo yake ilisimama. Kisha akapiga miayo ya uongo. "Mbuzi wa kawaida tu huyu. Amekonda."

"Wa damu ya nje hukonda, mzee. Wananenepa wakipata mtu wa kuwaelewa."

"Sina pesa mimi. Nina kibanda tu pale barabarani, nacho kinanichosha. Mimi ni mtu mzima, kukaa kwenye vumbi siwezi."

"Kibanda?" Hudson alisema, kana kwamba neno lenyewe lilikuwa geni. "Sijui... Mbuzi na kibanda? Watu watanicheka."

"Kipya kabisa. Tazama rangi ile."

Walivutana hadi jua likapanda, kila mmoja akijitia kuumizwa, kila mmoja akiomba moyoni mwenzake asigeuke. Wahenga hawakusema hivi, ila wangeweza: aliyeinama kutega mtego wake haoni amesimama juu ya wa nani. Wakapeana mikono. Danson akatoa funguo haraka kuliko mzee anavyopaswa.

Saa sita mchana Hudson alimpeleka Elsie barabarani. Alitoa lile kufuli la shaba, akalipachika kwenye pete ya mlango, akalifunga. *Ka.*

Elsie alilitazama kufuli. Akalivuta, likakaa imara. Akautazama mlango juu na chini kama anavyotazama pindo la nguo ya mtu mwingine.

"Umekipataje?"

"Kwa jasho."

"La nani?"

"Elsie, kwani huwezi kufurahi kwanza halafu uulize?"

Elsie alitabasamu, na tabasamu lake lilikuwa adimu kama mvua ya Julai. "Jumanne naleta cherehani," akasema. Hudson alirudi kwa Bi Mwanabibi akitembea kama mtu mwenye ukoo.

Hapo ndipo Morris alipomharibia siku, mdomo ukiwa umejaa wali. "Madam Tryphena ni mtu wa ajabu," alisema. "Hafuti kitu. Ukibadilisha mbuzi, yule wa zamani anabaki. Kuna maandishi madogo pale chini ya ukurasa, yeye hubonyeza akaona yote."

"Yote yapi?" Hudson akauliza.

"Yaliyokuwako. Na nani kabadilisha, na saa ngapi, na kwa nini."

Kijiko cha Hudson kilizama kwenye chai peke yake.

Jumatatu saa saba na dakika kumi alikuwa kwenye kiti cha Morris tena. Alishuka chini ya ukurasa na kweli, kwa herufi ndogo, akaona: *Matoleo yaliyopita.* Akabonyeza. Wakatokea wote, mmoja chini ya mwingine: Malkia mweupe, Malkia maiti, Malkia aliyezimia, Malkia aliyeoshwa. Alitafuta mahali pa kufutia. Hapakuwa na mahali. Kulikuwa na kitufe kimoja tu, Hifadhi, na lile swali lake la upole.

Tumhurumie. Mtu aliyeingiza tope sakafuni huanza kupiga deki akiwa na viatu hivyo hivyo. Hudson alifuta kila kitu kwenye ukurasa, ukabaki mtupu, akaandika sababu: *Kufuta yaliyotangulia.* Akatazama chini. Yaliyotangulia yalikuwepo yote, na sasa kulikuwa na jingine juu yake. Zaidi ya hayo, mbuzi wake alikuwa hana jina, hana baba, hana hata jinsia. Akaandika yote upya kwa kidole kimoja. Sababu: *Kurudisha kilichofutwa kwa bahati mbaya.* Jasho likamdondokea kwenye kibodi. Akahifadhi mara nyingine, bila kubadilisha chochote, ili apate tu nafasi ya kuieleza mashine: *Tafadhali puuza namba 3 hadi 6.* Lilipoingia, likawa namba 7. Akaongeza: *Na 7.* Hilo likawa namba 8.

Alisikia viatu vya Morris kwenye ngazi. Akainuka. Alijituliza kwa hoja moja, nayo ilikuwa nzuri: nani husoma maandishi madogo? Danson ana cheti chake mkononi. Hana haja ya kuja ofisini.

Na Danson asingekuja, kama mbuzi asingekila cheti.

Kilikuwa kimetiwa kwenye fremu bila kioo, kikaangikwa ukutani karibu na zizi ili majirani wakione. Jumanne asubuhi ilibaki kona moja yenye mhuri nusu. Danson alikuja nayo hadi kibandani, ambako Elsie alikuwa akipanga nyuzi zake na Hudson akifungua na kufunga kufuli bila sababu maalumu.

"Kijana, mbuzi wako amekula babu zake!" Danson alifoka. "Twende ofisini wanitolee nyingine na waandike jina langu. Jumamosi ni maonyesho."

"Mzee, nenda tu, mimi nina..."

"Wewe ndiye mwenye, jina lako ndilo lililoandikwa. Twende."

"Nenda naye," Elsie akasema bila kuinua uso. "Ni mteja wako."

Danson alimvuta mbuzi kwa kamba hadi ofisini, kwani alitaka namba isomwe kwenye sikio. Na pale mapokezi, kwa bahati ambayo Hudson aliikumbuka kwa muda mrefu, hakuketi Morris. Morris alisimama pembeni ameshika faili. Aliyeketi alikuwa Tryphena, mwanamke mwembamba mwenye sweta ya kijivu na sauti iliyokulazimisha kusogea karibu.

"214," Danson akamwambia. "Malkia. Nataka nakala."

Tryphena aliandika namba. Akatazama skrini. Akamtazama mbuzi. Akatazama skrini.

"Ana matoleo manane," akasema.

"Maana yake watoto?" Danson akauliza.

"Hapana, mzee. Hapa mtu akibadilisha habari za mbuzi, sikwangui ile ya zamani. Naweka ukurasa mpya juu yake. Wa chini unabaki na tarehe yake, na jina la aliyeandika, na sababu. Mbuzi wa kawaida ana matoleo mawili: alipozaliwa na alipouzwa." Akasogeza kidole kwenye skrini. "Huyu alikufa katikati."

"Alikufa?"

"Namba 2. Mwezi wa nne. Ndovu. Niliandika mimi, na kwato niliiona."

Danson alimgeukia mbuzi. Mbuzi alikuwa akila kona ya cheti iliyobaki mkononi mwake.

"Makosa ya mashine," Hudson alisema kwa sauti ya daktari. "Hizi kompyuta, madam, na huu mwaka elfu mbili unaokuja, nasikia zote zitachanganyikiwa..."

"Namba 3," Tryphena akaendelea kusoma, bila haraka na bila hasira, kama mtu anayesoma orodha ya vifaa vya shule. "Yu hai. Sababu: *Alidhaniwa amekufa, kumbe alizimia tu.* Namba 4. Mweusi. Sababu: *Mbuzi wa heshima zake hawezi kuwa na madoadoa. Lilikuwa vumbi la Kasigau. Ameoshwa.*"

"Mbuzi wa nini?" Danson akauliza.

"Wa heshima zake."

Danson alimtazama Hudson. Hudson alitazama dari, ambayo haikuwa na mengi.

"Aliyeandika ni Morris," Tryphena akasema.

Faili lilimdondoka Morris. "Mimi! Madam, mimi hata sababu huwa naweka nukta tu!"

"Najua. Saa zote ni saa saba na dakika kumi na kitu. Saa hiyo wewe uko wapi?"

"Kwa Bi Mwanabibi. Nala pilau."

"Ya nani?"

Morris akamgeukia Hudson polepole, akiwa na uso wa mtu anayehisi pilau ya wiki nzima ikimpanda kooni. "Uliniambia ni raha ya wema," akasema.

"Kuna namba 7," Tryphena akasema. "*Tafadhali puuza namba 3 hadi 6.* Na namba 8: *Na 7.*" Akaondoa miwani, akaifuta kwa sweta. "Nimetunza daftari hili mwaka mzima. Hakuna aliyewahi kuliomba kitu kwa adabu namna hii."

Hudson alijua kwamba mchezo umekwisha. Aliona mlango ukifunguka, kufuli likirudi mfukoni, Elsie akikunja nyuzi zake. Lakini mjanja wa kweli hushindwa kwa madaha. Alisogea mbele, akaweka mkono kifuani.

"Mzee Danson, mimi ni muungwana. Kama hujaridhika, turudishiane. Nipe mbuzi wangu, nikupe kibanda chako. Hata sasa hivi."

Danson alikuwa amevuta pumzi ya kupiga kelele. Pumzi ile ikaisha njiani.

"Kibanda?" akasema. "Aa. Hapana, hapana. Kibanda kaa nacho."

"Mzee?"

"Biashara ni biashara. Tumepeana mikono. Mimi si mtu wa kurudi nyuma." Akamsukumia Hudson kamba. "Na mbuzi chukua. Nimesamehe. Chukua vyote, kijana, Mungu akubariki." Akatoka akitembea mbio mbio, fimbo yake ikiwa haigusi chini.

Hudson alisimama na kamba mkononi. Mbuzi alikuwa wake. Kibanda kilikuwa chake. Katika maisha yake yote ya ujanja hakuwahi kukamatwa akatoka na faida.

Tryphena alikuwa ameshaandika namba 9: *Amekufa. Sababu: amekufa.* Kisha akavaa miwani. "Bwana Hudson, mimi si hakimu. Utaandika barua kwa akina mama wa Kasigau, na Morris atapata paswadi mpya leo. Lakini nikuambie kitu kimoja. Mtu akikataa kurudishiwa kilicho chake, mimi hutazama ukurasa wa chini."

"Asante sana, madam," Hudson alisema. Alisikia kila neno na hakulishika hata moja.

Alirudi kibandani akipiga mluzi. Alimfunga mbuzi kwenye bawaba ya mlango, akamsimulia Elsie kisa chote, akikipamba pale kilipohitaji. Elsie alishona akisikiliza. Alicheka kwenye "Na 7". Hudson alipofika mahali Danson alipokataa kibanda, cherehani ilisimama.

"Alikataa?"

"Alikimbia kabisa."

"Danson? Aliyemrudisha muuza nyanya kutoka Mwatate kwa sababu ya nyanya moja iliyooza?"

Nje, mbuzi alikuwa amepata mahali pa kujikuna. Pembe zake zilipanda na kushuka kwenye bati, *kwaru, kwaru*. Maganda ya rangi ya kijani yalimwangukia mgongoni kama majani. Elsie alitoka. Chini ya kijani kulikuwa na buluu. Elsie alichukua mkasi wake mkubwa, akakwangua buluu. Chini ya buluu kulikuwa na wekundu.

Hakuna mtu wa kando ya barabara asiyeijua alama ile. Ilikuwa X kubwa kama mtu aliyenyoosha mikono na miguu, na chini yake, kwa brashi ya wenye barabara: *ONDOA. MWISHO 17/9/99.* Elsie aliendelea kukwangua. Chini ya X ile kulikuwa na rangi ya maziwa, na chini ya rangi ya maziwa kulikuwa na X nyingine, ya miaka miwili nyuma.

"Leo tarehe ngapi?" Hudson akauliza.

"Kumi na nne."

Mbuzi alikuna sikio lake lenye hereni.

"Hudson," Elsie akasema taratibu, "hiki kibanda kimekufa."

"Hapana. Kimezimia tu."

Elsie alimtazama. Maneno yalikuwa yamemtoka Hudson yenyewe, kama kikohozi, na kwa mara ya kwanza alisikia yanavyosikika.

Alikwenda kwa Danson mbio. Mzee alikuwa barazani akinywa uji. "Hukuniambia kina X!" Hudson alilia. "Huo ni udanganyifu, mzee! Umefunika!"

"Nilikwambia kina rangi ya kijani," Danson akajibu. "Hakina?"

Kilichomuumiza Hudson ni kwamba hilo ndilo jibu ambalo yeye mwenyewe angelitoa.

Ijumaa tingatinga la wenye barabara lilipofika halikukuta kitu. Elsie alikuwa amekwisha kuja Alhamisi na kaka zake wawili na mkokoteni. Waling'oa mabati, mbao, dirisha na mlango, wakapeleka nyumbani kwa mama yake, ndani ya ua wao wenyewe, mahali ambapo hakuna mwenye brashi. Alimchukua na mbuzi, kwani alikuwa amemkamua Jumatano na sufuria ikajaa.

"Na mimi je?" Hudson aliuliza, amesimama katikati ya mraba wa vumbi uliobaki.

"Ulisema utaniletea mlango. Umeuleta, ahsante." Elsie akamwekea kitu kizito mkononi. "Mwenye mlango bado namtafuta."

Inasemekana siku ile ile alipita ofisi ya Chama, na Tryphena akafungua ukurasa mpya, namba 301. *Jike. Mweusi. Mama: hajulikani. Baba: hajulikani. Tabia: hula karatasi.* Kwenye sababu Elsie aliandika: *Ndivyo alivyo.* Hadi leo hana toleo la pili.

Jumamosi, wakati mji mzima ukiwa kwenye maonyesho, Hudson alikuwa kwenye meza yake ya pembeni. Aliweka kufuli la shaba mbele yake. Bi Mwanabibi alileta chai, akaliona.

"Kufuli zuri hilo, mwanangu. Lafunga nini?"

Hudson aliliinua, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Bega lake likanyooka. Sauti yake ikashuka, ikawa laini, yenye siri.

"Bi Mwanabibi," akasema, "hili si kufuli la kawaida. Hili lina historia."

Bi Mwanabibi alijifuta mikono kwenye kanga, akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Nionyeshe," akasema.